Bibi Somoe na Mawe ya Mikindani

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Nanyamba, mji wa Mikindani ulitajwa kwa sauti ya chini. Wenzangu waliposikia habari za pwani walifikiria soda baridi na maduka ya Chikongola, kule Mtwara mjini. Mimi nilifikiria mji mwingine, mdogo, ulio mbele kidogo ya Mtwara, ambao bibi yangu aliusimulia kama mtu anavyomsimulia ndugu aliyekufa vibaya: anaanza, anafika mahali, ananyamaza, anaomba maji ya kunywa.

Bibi Somoe alikuwa mama yake mama yangu. Alizaliwa Mikindani, akaolewa bara kwenye mikorosho, akazeekea huko. Mimi nililala chumbani mwake tangu nilipoachishwa ziwa. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na tuligombana kama wake wenza wa kweli: juu ya shuka, juu ya ukoko, juu ya nani alale upande wa ukutani. Nasema haya ili ieleweke kwamba mwanamke huyu, ambaye baadaye watu walimwita jina baya, kwangu mimi alikuwa mtu wa kuvutana naye shuka.

Nilikuwa darasa la tatu mjomba Hamisi alipopata mtoto wa kiume. Hamisi alikuwa kitinda mimba wa Bibi na mwanamume pekee aliyembakia. Alikuwa fundi baiskeli huko huko Mikindani, kijana mcheshi ambaye vidole vyake havikuisha grisi hata siku ya Idi, na alikuwa amemwoa Zainabu, binti wa Chikongola. Alipiga simu kwa jirani yetu: mama aje amwone mjukuu wake, na aje aone kiwanja, maana ameanza kujenga. Miaka ile habari za kwanza za gesi zilikuwa zimewapanda watu kichwani, na kila kijana wa Mtwara alitaka awe na kwake kabla viwanja havijaisha.

"Utakwenda na mimi," Bibi akaniambia. "Macho yangu ya mbali yamechoka."

Tulipanda lori lililobeba makopa ya mihogo, tukakaa juu ya magunia, unga mweupe ukitupanda mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa na furaha ya mtoto anayesafiri. Bibi hakuwa nayo. Alishikilia fundo la kanga yake njia nzima kama mtu anayechunga kitu kisimwagike.

Mji niliokuwa nikiuogopa ulinishangaza kwa uzuri wake. Juu ya kilima lilisimama Boma la Wajerumani, jeupe pe, na mnara wake. Wakati huo lilikuwa limeshageuzwa hoteli ya wageni. Chini yake zilijipanga nyumba za mawe za ghorofa, zenye roshani za mbao na milango mizito ya nakshi ambayo mtoto kama mimi asingeweza kuisukuma hata kwa mgongo. Kisha, katikati ya nyumba mbili zilizo hai, unakuta nyumba iliyokufa. Haina paa. Madirisha yako wazi pande zote mbili, unaona bahari kwa nyuma. Mizizi ya mtini imeshuka ukutani ikakamata mawe kama vidole, na ndani, pale palipokuwa sebule ya mtu, mbuzi wanakula majani.

"Walikwenda wapi wenyewe, Bibi?"

"Wenyewe gani? Waliokaa au waliojenga?"

"Si ndio hao hao?"

"Hapana, mke mwenzangu," akasema. "Hapa hawakuwa hao hao hata siku moja."

Gofu kubwa kuliko yote lilikuwa karibu na maji. Bibi alipolifikia alivua ndala zake na kuniashiria nivue zangu. Akasimama pale palipokuwa mlango, na kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kwa jirani akasema, "Hodi wenyewe. Tunapita tu. Hatukuja kuchukua kitu." Akasoma Fatiha, akajipangusa uso. Ndipo akafungua lile fundo la kanga, akatoa unga wa mtama kidogo, akaudondosha chini ya ukuta.

Mimi nilikuwa nasoma chuoni kwa maalimu wetu, na maalimu alikuwa ametukataza mambo ya unga. Nikamwuliza mbona anafanya vyote viwili.

"Fatiha ni ya waliokufa Waislamu," akajibu. "Unga ni wa waliokufa kabla hawajaulizwa dini yao."

Ndipo aliponihadithia lile ambalo kila mara alikuwa akilikatisha kwa kuomba maji. Bibi yake bibi yake aliletwa pale kutoka ng'ambo ya Ruvuma, amefungwa kamba na wenzake. Kabla hawajapelekwa mbali, walifanyishwa kazi. Maji ya bahari yalipokupwa walishuka pwani kuchimba mawe ya matumbawe, wakayabeba vichwani mpaka pale yalipojengewa majumba. Aliyeanguka, jiwe lake lilichukuliwa na mwingine, yeye akaachwa. Bibi yule aliugua, wakamwona hafai kupandishwa chomboni, wakamwacha. Ndiyo maana sisi tupo.

"Kila jiwe hapa lina mtu wake," Bibi akasema. "Sisi tuliozaliwa hapa tulikatazwa kuchomoa hata kokoto. Ukilichukua jiwe unamchukua na aliyelibeba. Na huyo amechoka, hataki kuhamishwa tena."

Hata leo ninapopita pale na wageni wanaopiga picha, wakisifu milango na madirisha, wala hawakosei kuvisifu kwa maana ni vizuri kweli, najikuta natazama mawe ya chini, yale ambayo hakuna anayeyapiga picha.

Kwa mjomba tulipokelewa kwa vifijo. Zainabu alikuwa amekaa kitandani, amefungwa kanga tumboni, na mama yake alikuwa amekuja kutoka Chikongola kumwangalia. Bibi alinawa, akaketi, akapewa mtoto. Sijawahi kumwona vile. Alimnusa utosini, akamtemea mate kidogo ya baraka, akamwita mume wangu, mume wangu mpya, mpaka wote tukacheka, na mjomba akajifanya amekasirika kwamba mama yake ameolewa bila yeye kupata taarifa.

Baada ya chakula mjomba akatupeleka kiwanjani. Hakikuwa mbali, Zainabu naye alijikongoja akaja na mtoto, mama yake akimshika kiwiko. Msingi ulikuwa umeshatoka ardhini, na kando yake palikuwa na rundo kubwa la mawe. Mjomba alikuwa akimwonyesha mama yake kwa mkono: hapa sebule, hapa chumba cha watoto, hapa jiko. Bibi hakuwa akitazama mkono. Alikuwa akitazama rundo. Mawe yale yalikuwa na chokaa ya zamani juu yake, na moja lilikuwa bado na kipande cha ua lililochongwa na fundi wa zamani sana.

"Umeyatoa wapi haya, Hamisi?"

"Pale chini, mama. Kwenye lile gofu la pwani. Yamekaa bure tu."

"Yarudishe."

"Mama..."

"Yarudishe, mwanangu. Nitayabeba na wewe. Na huyu mtoto atabeba."

Mjomba alicheka, lakini kwa adabu, akimshika begani. "Mama, nikionekana narudisha mawe gofuni watasema Hamisi amepata wazimu. Haya ni mawe tu. Yamejengewa nyumba mara moja, yatajengewa mara ya pili."

Mama yake Zainabu naye akaingilia, hakuwa na ubaya wakati huo. "Mkwe, hayo ni mambo ya kale. Waache watoto wapate pa kulaza ubavu."

Labda kama wangekasirika, Bibi angenyamaza. Lakini walicheka. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya kupiga hodi kwa majirani. Ilikuwa kavu.

"Nyumba hii hutaimaliza, Hamisi. Hao hawatakubali."

Zainabu alimfunika mtoto uso kwa kanga upesi, kama vile pamepita upepo mbaya. "Mama!" akasema. "Usituchurie!"

Kwetu neno hilo ni zito. Kumchuria mtu ni kumtajia baya likamfuata. Watu wanaamini kwamba neno likishatoka mdomoni haliwezi kurudi, linazunguka likitafuta pa kutua, na aliyelitoa ndiye aliyelituma. Hata mtoto anayecheza kujifanya maiti anachapwa. Bibi mwenyewe aliwahi kunichapa kwa kosa hilo. Sasa alisimama mbele ya wakwe zake akiwa amelitamka, na nadhani alilijua hilo papo hapo, maana alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Hakuna aliyelizungumza tena jioni ile. Asubuhi mjomba alitusindikiza barabarani kusubiri gari. Alikuwa amesharudia ucheshi wake.

"Chumba cha mbele ni chako, mama. Dirisha linatazama barabara, utakuwa unawasema watu wanaopita."

Bibi alimshika mkono wenye grisi kwa mikono yake yote miwili. "Usiende tena pale gofuni. Kwa ajili yangu tu, hata kama mimi ni mjinga."

"Nimebakisha mawe ya ngazi tu, mama. Machache."

Masika ilikuwa katikati alipokuja jirani yetu mwenye simu. Bibi alikuwa kibarazani anamenya mihogo, mimi nikiokota maganda. Tulimwona jirani anakuja polepole, mvua inamnyeshea, simu kaishika mkononi badala ya kuificha mfukoni. Alipopanda kibarazani, kabla hajafungua mdomo, Bibi akauliza:

"Ni ukuta?"

Jirani akasimama. Aliitikia kwa kichwa tu, lakini aliendelea kumtazama Bibi kwa muda, na nilimwona akirudi nyuma, akatoka kwenye kibaraza akasimama mvuani. Nilikuwa mdogo na sikuelewa alichokiona. Nilichokielewa ni kisu kilichoanguka, na sauti ya Bibi akimwita Mungu kwa Kimakonde, "Nnungu, Nnungu wangu," lugha ambayo aliitumia tu akiwa hana nguvu ya kutafuta nyingine.

Mjomba alikuwa amekwenda gofuni baada ya mvua ya siku nyingi. Alikuwa akichomoa jiwe la chini. Ukuta ulimlalia.

Tulizika Mikindani. Siku ya kuondoa matanga watu wa pande zote mbili walikaa uani, wanaume upande mmoja, sisi wanawake na watoto upande wa pili. Bibi alikuwa hajala kitu cha maana tangu tufike. Zainabu alipopita na mtoto, Bibi alinyoosha mikono. Zainabu akageuka, akampa mgongo, akampeleka mtoto chumbani na kufunga mlango. Mikono ya Bibi ilibaki hewani kidogo kabla haijashuka.

Ndipo mama yake Zainabu alipozungumza, na sasa hakuwa yule wa siku ile. "Mimi nina swali moja, na nimuulize mbele za watu. Mkwe, wewe si ulisema nyumba hii haitaisha?"

Mama yangu akainuka. "Mama amefiwa na mtoto wake. Mnamwuliza maswali gani?"

"Namuuliza alichokisema. Mimi nilikuwepo. Na wa kwenu huko kijijini wanasema alijua ni ukuta kabla hajaambiwa."

Watu wote wakamtazama Bibi. Angeweza kusema ilikuwa hasira. Angeweza kulia, na wangemwonea huruma, kwa maana mwanamke anayelia msibani hana wa kumhoji. Lakini Bibi Somoe alikuwa mtu wa kusema lililopo.

"Nilisema," akajibu. "Nilisema kwa sababu nilijua."

"Ulijuaje?"

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, na nilijua jibu: lile la kamba, la mawe kichwani, la yule bibi aliyeachwa. Nilisubiri alitoe. Hakulitoa. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini, na jibu ninaloliona karibu na ukweli ni kwamba kulisema pale kungekuwa kuwaambia wakwe, mbele ya mji mzima, kwamba yeye ni kizazi cha walioletwa kwa kamba. Mikindani watu bado wanajua nani alikaa ghorofani na nani alibeba jiwe, na hawasemi. Bibi alichagua kuitwa mchawi kuliko kuitwa hivyo. Au labda alikuwa amechoka tu. Mtu aliyemzika mwanawe wa mwisho hana hamu ya kujitetea.

Mzee mmoja wa upande wetu alifunga mazungumzo kwa dua, na hakuna aliyemgusa Bibi. Lakini habari ilitangulia kijijini kabla yetu. Tulikuta watu wanamsalimia wakiwa mbali. Watoto niliocheza nao walikatazwa kula kwetu. Wanawake walianza kwenda kisimani kwa zamu ambayo yeye hakuwemo. Ukipika na harufu ya moshi wako ikiwafikia watu wakainuka na kuondoka, huhitaji kufukuzwa.

Aliondoka mwenyewe. Alikuwa na mdogo wake Kilambo, karibu na kivuko cha Ruvuma, aliyeolewa na mtu wa asili ya Msumbiji, wakilima mpunga kwenye bonde la mto. Mama na mimi tulimpeleka. Nilifikiri ni kwa msimu mmoja. Siku tuliyomwacha alinikabidhi shuka letu, akasema, "Sasa ni lako lote, mke mwenzangu." Nilikuwa nimeshinda ugomvi wetu, nami nililia njia nzima.

Nilikuwa nakwenda kumwona wakati wa likizo. Watu wa Kilambo hawakumjali wala hawakumwogopa. Kule kila mtu ametoka mahali fulani na ana habari asizopenda kuzieleza. Alipungua mwili, akawa anakaa mbele ya nyumba akiutazama mto na ng'ambo yake, kule alikotolewa bibi yake bibi yake. Siku moja nikiwa msichana mkubwa, nilipata ujasiri.

"Bibi, ungejua yatakuja kuwa hivi, ungesema?"

Akaacha kuutazama mto, akanigeukia.

"Ningesema," akajibu. "Ila ningemwita pembeni."

Alifia kule kule Kilambo. Yule mjukuu aliyemwita mume wangu mpya hakupata kumpakata tena baada ya siku ile ya kwanza. Kijana huyo yupo Mtwara mjini. Nikikutana naye Chikongola hunisalimia vizuri, "Shikamoo dada," lakini nikitaja kuja kututembelea, hukumbuka ana shughuli. Simlaumu. Alinyonya hofu hiyo pamoja na maziwa.

Watu husubiri niseme kama ninaamini. Mimi sasa ni mtu mzima, na najua kama mtu yeyote anavyojua, kwamba ukuta wa zamani ukilowa ukauchomolea mawe ya chini, utaanguka, uwe na watu ndani yake au usiwe nao. Najua pia kwamba watu wa kale walipotaka kuwakataza watoto wao wasife, walitafuta neno litakaloogopwa kuliko kifo chenyewe. Lakini siwezi kumnyang'anya Bibi imani yake na kumpa ya kwangu. Aliamini kuna waliochoka. Na kwa hakika walikuwepo.

Kinachonisumbua kiko kwingine. Tangu mwaka ule, wanawake wa nyumba yetu waliacha kuonya. Hakuna aliyetangaza, tuliacha tu. Kaka yangu aliwahi kutaka kuvuka Ruvuma kwa mtumbwi wakati mto umefurika, akafuate biashara ng'ambo. Mama aliona maji yale. Akasema, "Haya, safari njema," akaingia ndani, nikamkuta nyuma ya mlango ameuma kanga. Kaka alirudi salama. Hakuna aliyesema kwamba kimya cha mama ndicho kilichomrudisha, ingawa neno la Bibi ndilo lililosemwa kwamba limemwua mjomba.

Nina watoto wawili sasa, na mkubwa ameanza kwenda kuogelea na wenzake kule penye mkondo mkali. Nilikaa na neno langu kooni muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nilimwita pembeni, nikamwambia waziwazi kwamba maji yale yanaua na yeye yanaweza kumwua.

"Mama, unanichuria," akasema, amenuna.

Nikamwambia afikirie atakavyo. Alikwenda huku amenikasirikia, nami nikakaa mlangoni, mikono imelala mapajani, nikitazama njia.